Kilo Saba za Mashineni

Sehemu ya tisa

Tumsifu Yesu Kristo. Na wewe usiyesalimia hivyo, salamu yako naipokea kwa namna yako.

Kama gazeti la wiki zilizopita lilikupita, nakupa kwa ufupi. Naitwa Angelina. Nina miaka arobaini na saba, mjane, naishi Mlabani, Ifakara. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nne, ugonjwa wa sukari, na magoti yaliyokataa ngazi. Huku kwetu gunia la mpunga lililojazwa kupita mdomo wake, likaongezewa kipande cha gunia jingine juu na kushonwa, tunaliita lumbesa. Na mimi watu waliniita hivyo. Lumbesa. Niliitika.

Kaka yangu Severini alinipeleka Dar es Salaam. Madaktari wakanikata tumbo, wakaniachia kipande chembamba kama ndizi. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili mzani wa hospitali ulisoma themanini na mbili. Daktari akanipa neno moja la kushika: nisivuke tisini. Nikivuka tisini sukari itarudi, na sukari ndiyo iliyomfanya mama yetu akatwe mguu, kisha ikamchukua.

Nilirudi Ifakara nikaanza novena. Siku tisa za sala, uji mwepesi na maji. Siku ya kumi nikapanda mzani wa mashineni, yaani kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Severini, ninapofanya kazi. Mzani wenyewe ulikuwa mpya, wa umeme, Severini aliununua nikiwa Dar. Ukasema sabini na tano na nusu. Karibu kilo saba zimeondoka kwa siku tisa. Nilitoa ushuhuda jumuiyani, wanawake wakapiga vigelegele, na wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyoanza kuzila zile kilo saba.

Maana nilizihesabu kuwa akiba. Nusu kitumbua saa nne. Nusu nyingine saa tano. Chai ya maziwa, kwa kuwa chai haikwami. Tumbo dogo halikatai kitu kinachokuja kidogo kidogo. Kwa miezi kumi, kila Jumamosi nilipanda mzani. Sabini na saba, sabini na tisa, themanini na moja. Jumamosi iliyopita ilikuwa themanini na tatu, na nikawaandikia kwamba ninaogopa lakini bado niko salama, kwa kuwa hadi tisini zimebaki kilo saba.

Hayo ni ya nyuma. Ya wiki hii ni haya.

*

Mimi nasoma masomo ya jioni. Niliishia darasa la saba, nikaolewa, na sasa najiandaa na mtihani wa QT, ule wa watu wazima waliokosa sekondari, pamoja na wenzangu kumi na wanne. Mwalimu wetu wa hesabu, Polycarp, ana umri wa kuwa mwanangu. Akiingia tunasimama wote, na yeye anatuamkia shikamooni. Hakuna aliyewahi kuamua nani aache.

Jumatatu alitufundisha kosa la kipimo. Alisema kila kipimo kina kosa, na msomi anatakiwa kujua kosa hilo ni kubwa kiasi gani. Akatupa kazi ya nyumbani: tafuta kitu chenye uzito ulioandikwa, kipime, halafu tafuta kosa kwa asilimia. Mama mmoja fundi cherehani akauliza kama anaweza kumpima mume wake. Mwalimu akasema mume hajaandikwa uzito.

Mimi sipendi kazi ya nyumbani ilale. Jumanne asubuhi, kabla mashine haijawashwa, nilimwomba mbeba mizigo mmoja aniwekee mfuko wa saruji juu ya mzani. Mfuko umeandikwa kilo hamsini. Namba nyekundu zikasema arobaini na sita.

Nikatafuta tundu. Mfuko haukuwa na tundu. Tukaweka mfuko wa pili.

Arobaini na sita.

Mbeba mizigo akasema saruji ya siku hizi nayo imekatwa tumbo. Akaenda kunywa chai.

Niliandika daftarini. Kosa ni kilo nne. Nne gawanya kwa hamsini, zidisha mara mia. Asilimia nane. Nilifurahi, kwa kuwa ilitoka namba nzima, haikuwa na desimali za kunisumbua. Naungama hivyo kwenu kwa sababu ndivyo akili yangu ilivyokuwa asubuhi ile. Nilifurahia jibu.

Jioni Mwalimu alinitia alama ya vema. Akauliza mzani wenyewe ni wa wapi.

Darasani kwetu kuna wakulima watatu. Mpunga wao wote wanauza kwetu, na pale mashineni mimi ndiye ninayesoma mzani kwa sauti. Severini alinipa kazi hiyo kwa sababu mtu anayeongoza rozari haulizwi mara mbili.

Nikasema ni mzani wa zamani, uko nyumbani, aliuacha marehemu mume wangu. Mume wangu hakuwahi kuwa na mzani.

Mwalimu alitaka kunipa heshima. Akaniita ubaoni niwaonyeshe wenzangu jinsi ya kupata uzito wa kweli mtu akishalijua kosa. Unachukua namba uliyoisoma, unazidisha kwa mia, unagawanya kwa tisini na mbili. Akaniambia nitoe mfano, namba yoyote nitakayo.

Mkono wangu uliandika themanini na tatu.

Nikazidisha. Nikagawanya. Chaki ikaandika tisini, nukta, mbili.

Wenzangu wakanipigia makofi. Yule fundi cherehani akasema, "Mama Angelina, wewe utatupita wote."

Nilikaa. Nilingoja kitu kije, hofu au machozi. Hakikuja kitu. Nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, nikaifanyia hesabu ile sabini na tano na nusu ya novena. Ikatoka themanini na mbili. Uzito ule ule nilioshuka nao kwenye basi kutoka Dar.

Kwa hiyo siku zile tisa hakuna kilichoondoka. Kilo saba ziliondolewa na mzani. Na mimi kwa miezi kumi nimekuwa nikila akiba isiyokuwepo.

*

Alhamisi nilikwenda hospitali. Nilijiambia labda Mwalimu kakosea, labda mifuko yote miwili ya saruji ilikuwa pungufu kutoka kiwandani. Mtu anaweza kujiambia mengi akiwa kwenye benchi.

Nesi alikuwa Digna, ambaye huimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Anayeandika hukaa meza ya mwisho, kwa hiyo Digna huita uzito wa kila mtu kwa sauti ili umfikie. Nilivua viatu, nikavua kitenge cha juu, nikamkabidhi na rozari yangu aishike.

"Angelina," akaita. "Tisini, nukta mbili."

Mwalimu Polycarp hakukosea.

Digna akanitoboa kidole. Akaangalia mashine ndogo, kisha akaniambia sukari imeanza kuchungulia. Akaniuliza mara ya mwisho kwenda kwa daktari wangu Dar ilikuwa lini, na kwa nini nimekaa miezi kumi. Nikamjibu nilikuwa napima hapa nyumbani. Akaniandikia barua ya kurudi Dar. Niliikunja mara nne, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Kugeuka, nikamwona Kija kwenye benchi la nyuma yangu.

Kija ni mkulima, Msukuma, analima ng'ambo ya mto, kupita Kivukoni. Kila mavuno analeta mpunga wake kwetu. Siku hiyo alikuwa amemleta mtoto kliniki. Akaniamkia shikamoo, nikaitika, akacheka kwa furaha kabisa.

"Nesi kakusifu," alisema. "Tisini. Umerudi kuwa mtu, dada. Mwaka jana ulikuwa kama kuku aliyenyeshewa."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru.

*

Alasiri nikaenda nyumbani kwa Severini. Alikuwa anakula perege, anatoa miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani.

"Kaka, mzani unapunguza."

"Unapunguza nini?" Hakuinua kichwa.

"Nne katika kila hamsini. Jumanne nilipima saruji."

"Mpunga una maji, mdogo wangu. Ukikaa stoo unakauka. Hizo nne ni maji."

"Na mimi? Na mimi nina maji?"

Hapo ndipo aliponiangalia. "Nani alikutuma upime mwili wako kwenye mzani wa mpunga?"

 

Hakunigombeza. Severini hana ukali, na wanaomjua watanishuhudia. Alinikumbusha zile siku kumi alizolala kwenye benchi nje ya wodi, akaninywesha maji kwa kijiko cha chai. Alisema yote hayo yalitokana na mpunga. Sikumuuliza mpunga wa nani. Alisema zamani watu walililia mzani ili waepuke lumbesa, sasa mzani wanao, waridhike. Kisha akanawa mikono, akajifuta, akaninong'oneza, maana mke wake alikuwa jikoni.

"Ukisema mzani ni mbovu, ushuhuda wako nao ni mbovu. Utarudi jumuiyani uwaambie nini? Kwamba Mungu hakufanya kitu, aliyefanya ni Severini?"

Nilitazama miiba ukingoni mwa sahani.

"Kula kidogo, nyamaza. Pale mashineni utakaa themanini na tatu mpaka uzeeke."

Wasomaji wangu, nilikuja kwenu kuungama, kwa hiyo naungama. Maneno yale yalinituliza. Wifi alipoleta vitumbua nilikula kimoja kizima, cha kwanza kizima tangu nikatwe tumbo. Nilingoja kirudi juu kama zamani. Hakikurudi. Kilishuka, kikakaa, tumbo likanyamaza kama mimi.

Ijumaa nilisali rozari, matendo ya uchungu, sikupata hata uchungu. Midomo ilikwenda, punje zikapita vidoleni, nikafika mwisho nikiwa pale pale. Nikaenda kupanga foleni ya kitubio. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti nikaungama kitumbua.

Padri akauliza kama kuna jingine.

Nikasema hakuna.

*

Sasa Jumamosi.

Pale mashineni Jumamosi ina mchezo wake. Kabla ya gunia la kwanza, mimi hupanda mzani, na wabeba mizigo huipigia kelele namba yangu kama watu wanaonadi mnadani. Ni wao walionipa jina la Lumbesa, na ni wao walioshangilia nilipopungua. Wakulima wa foleni ya asubuhi wote wanaijua namba yangu kama wanavyoijua bei ya mchele.

Jumamosi hii sikupanda. Niliwasha mzani, nikasema tuanze, watu ni wengi.

Gunia la kwanza likawekwa. Nikasoma. Sauti yangu ilitoka vizuri tu. La pili nikasoma, na la tatu. Nilikuwa nimejiambia kwamba kwa gunia la kwanza nitashindwa, mdomo utakauka, Roho Mtakatifu ataniziba. Nilisoma magunia kumi na moja na hakuna aliyeniziba.

La kumi na mbili lilikuwa la Kija.

"Ngoja kwanza," Kija alisema kabla sijasoma. "Wewe leo hujapanda."

Wabeba mizigo wakadakia. Mmoja akasema kweli, lumbesa ya leo imegoma kupimwa. Mwingine akasema imeota mkia. Watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Nikamwambia Kija kuna haraka, nitapanda baadaye.

"Haichukui muda," akasema. "Alhamisi hospitali nilikuwa nyuma yako. Nilisikia ulivyopimwa. Sasa na mimi nina mpunga wangu hapa, na nyumbani nimeupima kwa debe, na hesabu yangu na ya kwenu mwaka jana hazikupatana. Nikasema labda madebe yangu. Lakini wewe si debe, mayu. Panda."

Kwao mayu ni mama. Hakulisema kwa dharau.

Severini alitokea mlangoni mwa ofisi. Akasema kwa upole dada yake anaumwa, wasimchoshe. "Soma mzigo, Angelina."

"Simchoshi, mzee," Kija akajibu. "Ni kusimama tu."

Wabeba mizigo hawakungoja mtu awaambie. Wakaliteremsha gunia. Kwao huo bado ulikuwa ule mchezo wa Jumamosi.

Nilivua kandambili, kama ninavyovua siku zote, zisije zikaniongezea. Nikapanda. Namba nyekundu zikacheza kidogo, kisha zikatulia.

"Soma," Kija alisema.

"Themanini na tatu."

Mbeba mizigo mmoja akainadi, "Themanini na tatuuu," lakini alikuwa peke yake.

"Na hospitali?" Kija akauliza.

Mashine ilikuwa inanguruma ndani na pumba zinaruka. Nilimtazama kaka yangu. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemkataza mtoto asishike moto.

Nataka mjue nilikuwa naogopa nini miaka hii miwili. Sikuwa naogopa kufa. Nilikuwa naogopa hivi: kwamba siku moja nitasimama mbele za watu, itajwe namba, na macho yote yaje juu ya mwili wangu, yaseme amerudi, tulijua atarudi, mpaka Dar alikwenda na amerudi. Kwa ajili ya hofu hiyo nilikula vijiko vitano nikaacha. Kwa ajili yake nilitapika, nikafunga, nikaamka alfajiri kutembea mpaka barabara ya lami na kurudi. Na kwa ajili yake, tangu Jumanne, nilikuwa tayari kuwasomea wajane wenzangu mpunga pungufu.

"Tisini," nikasema. "Nukta mbili."

Hakuna aliyeniangalia.

Wote, kuanzia Kija mpaka mwisho wa foleni, walimgeukia Severini. Mzee mmoja alianza kuhesabu kwa vidole, mavuno ya mwaka huu, mavuno ya mwaka jana, akaishiwa vidole akaanza upya. Yule mbeba mizigo wa saruji alishika kiuno, akasema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Kumbe saruji ilikuwa nzima."

Tisini yangu ilipita mbele zao kama gunia lolote. Nilisimama pale nikiwa nimevuliwa kila kitu, na hakuna aliyekuwa na haja nami. Nilipaswa kusikia nafuu. Niliitafuta.

Severini hakukimbia na hakukana. Alivaa miwani, akashuka ngazi moja, akasema kwa sauti ile ile aliyonibembelezea nikiwa wodini.

"Ndugu zangu, mimi ni mtu wa ofisini. Mzani huu kila asubuhi anauwasha nani? Anayewasomea ni nani? Aliyejua tangu Jumanne kwamba ni mbovu, akaja leo akawasomea magunia kumi na moja, ni nani? Muulizeni yeye."

Na ilikuwa kweli. Neno kwa neno ilikuwa kweli.

Hapo sasa ndipo macho yaliponirudia. Yote kwa pamoja. Fundi cherehani wa darasani kwetu alikuwemo kwenye foleni, sikuwa nimemwona, ameshika kiroba cha mpunga wa mama yake. Alikihamishia kiroba nyuma yake.

Kija alikuja mpaka ukingoni mwa mzani. Akaninyooshea mkono kama anayemsaidia mtu kushuka kwenye mtumbwi.

"Shuka, mayu," alisema. "Shuka utuambie."

Mkono wake ulikuwa pale. Ningeweza kuushika.

Sikushuka. Nilikuwa naitazama ile themanini na tatu, nyekundu, imetulia, na nilikuwa bado naitaka.